Injenieri Hoover, bibi yake Lou na nyumba yao ya London

Wasomaji wetu, kila familia ya mugodi inaijua ile siku barua inafika. Baba anarudi nyumbani na karatasi mukononi: anahamishwa. Anatoka Kipushi anaenda Kolwezi, ao anatoka Likasi anaenda Kambove. Mama anaanza kufunga vyombo, watoto wanauliza watasoma wapi, na majirani wanakuja kuuliza ni nani atabaki na kuku. Leo tunataka kuwaelezea familia moja iliyofunga vyombo vyake namna hiyo zaidi ya miaka 15, na si kutoka muji mumoja mupaka mwingine, ni kuzunguka dunia yote. Baba alikuwa injenieri wa migodi. Alikuwa Mumarekani, lakini nyumba yake ilikuwa London, katika Uingereza. Wengi wanajua jina lake juu alikuja kuwa prezida wa inchi yake, tena prezida ambaye watu wake walimuchoka upesi. Sisi hatutakawia sana kwenye uprezida. Tunataka kuangalia nyumba, watoto, meza ya kula, na feza zilizolipa ile nyumba zilitoka wapi.

Jina lake ni Herbert Clark Hoover. Alizaliwa tarehe 10 Agosti 1874 kule West Branch, kijiji cha Iowa, katika nyumba ya vyumba viwili tu. Baba yake alikuwa mufua chuma. Wazazi wote wawili walikuwa watu wa dini ya Quaker, wale wanaosali kwa kunyamaza na wasiopenda vita. Herbert alikuwa na miaka 6 baba yake alipokufa. Alikuwa na miaka 9 mama naye akakufa. Watoto watatu, Theodore, Herbert na May, wakagawanywa kwa ndugu za wazazi. Herbert alipelekwa kwa mujomba wake, munganga mumoja aliyekaa Oregon, safari ya siku nyingi ndani ya treni. Njo kuhamishwa kwake kwa mbali, na hakuna mutu aliyemuuliza kama anakubali.

Katika mwaka wa 1891 akaingia katika chuo kikubwa cha Stanford, kule California, kati ya wanafunzi wa kwanza kabisa wa ile masomo. Hakuwa na franga. Alifanya kazi ndogo-ndogo ili aishi, na akasoma mambo ya mawe na udongo. Ni pale alikutana na Lou Henry. Lou alizaliwa vilevile Iowa, mwaka uleule wa 1874, lakini baba yake alikuwa mutu wa banki, na maisha yake hayakuwa ya taabu. Alijua kupanda farasi na kulala katika pori, na alisoma mawe sawa vile wanaume, jambo ambalo kwa mwanamuke wa wakati ule watu waliliona kuwa la ajabu.

Hoover alimaliza masomo katika mwaka wa 1895, na kazi ya injenieri hakuipata. Akaenda Nevada City, katika milima ya California, akashuka chini sawa mufanyakazi wa kawaida. Alisukuma vigari vya mawe saa 10 kila usiku, kwa karibu dola 2. Waliomufundisha kazi ni wafanyakazi wa Cornwall, watu wa Uingereza ya kusini waliokuwa wamevuka bahari kwenda kuchimba Marekani. Walimuonyesha hata namna ya kupata joto wakati wa kupumzika: unaweka mishumaa yenye kuwaka chini ya toroli la chuma, unajikunja ndani. Kazi ikapungua, akafukuzwa, akatafuta mugodi mwingine. Tunaliweka jambo hili mbele juu baadaye tutamuona akikaa upande wa pili wa meza, upande wa wale wanaopanga mishahara. Hakuna atakayesema kwamba hakujua kazi ya chini ni nini.

Katika mwaka wa 1897 kampani moja ya London, Bewick, Moreing, ilikuwa inatafuta injenieri wa Marekani wa kwenda kuangalia migodi ya zahabu ya Australia ya magaribi. Hoover alikuwa na miaka 22. Akaacha ndevu ziote ili aonekane mutu muzima, akaenda. Kule ni jua kali, mavumbi mekundu, nzi, na safari juu ya ngamia, munyama ambaye hakumupenda hata kidogo. Aliona kwamba mugodi unaoitwa Sons of Gwalia una zahabu, akawashauri wakubwa wake waununue, na wakamuweka kuwa mukubwa wake. Pale akaanza kukata. Aliongeza saa za kazi kwa juma, aliondoa malipo ya mara mbili ya siku ya yenga, na alileta wafanyakazi Waitalia ili mishahara isipande na ili watu wasiweze kugoma kwa urahisi. London walifurahi. Wafanyakazi hawakufurahi, na sisi tunaelewa.

Kutoka kule Australia njo alimutumia Lou telegrama ya kumuomba ndoa. Lou akakubali kwa telegrama. Wakaoana tarehe 10 Februari 1899 kule Monterey, na kesho yake wakapanda mashua kubwa kwenda China, juu kampani ilikuwa imempa Hoover kazi ya migodi ya makala ya mawe kule. Hawakuwa hata na juma moja la kukaa katika nyumba yao. Katika mwaka wa 1900 Wachina wa chama cha Boxer walisimama juu ya wageni, na muji wa Tientsin, mahali walikaa, ukapigwa na mizinga karibu mwezi muzima. Lou alitunza watu walioumia na alitembea na kinga yake juu ya baiskeli. Ndani ya ile nyumba ya China alijifunza pia Kichina, na akakijua kuliko bwana yake. Miaka mingi baadaye, walipotaka kusema neno bila wengine kusikia, walisema Kichina.

Mwisho wa mwaka wa 1901 kampani ikamuchukua Hoover kuwa mumoja wa wenye kampani. Alikuwa na miaka 27. Sasa makao yake yakawa London.

Juu ya nini London? Wakati ule feza za migodi ya dunia zilikuwa zinatoka pale. Zahabu ya Australia, zinki, feza ya Burma, shaba ya Urusi, hesabu zote zilifanywa katika maofisi ya ile muji. Hata Katanga yetu. Union Minière ilianza katika mwaka wa 1906, na sehemu moja kubwa ya feza na mipango yake ilitoka kwa Tanganyika Concessions, kampani ya London. Kwa hiyo Mumarekani aliyejua migodi alipata kazi London kuliko kwao. Hoover hakuwa peke yake. Kulikuwa mainjenieri wengi wa Marekani katika ile muji, na bibi zao, na watoto wao.

Nyumba ya kwanza haikupata hata nafasi ya kuzoea. Kisha Noeli ya 1902, wakati mukubwa wa kampani alikuwa mbali katika safari, Hoover akafunguliwa siri: mumoja wa wenye kampani, Rowe, aliyekuwa anashika hesabu, alikuwa amefanya karatasi za uongo na kula zaidi ya pauni 100,000, kisha akakimbia. Baadaye alikamatwa na kufungwa. Sheria haikulazimisha kampani ilipe yote. Hata vile, Hoover na wenzake waliamua kulipa. Ile deni ilimukalia kwa miaka. Muwaze Lou, amefika katika inchi ya wageni, mama yake na dada yake wako ngambo ya bahari, na bwana anarudi jioni na habari kwamba feza walizokuwa wanaweka zimeenda kulipa wizi wa mutu mwingine. Sisi tunasema hapa Hoover alifanya vizuri, na tunasema pia kwamba si yeye peke yake aliyelipa.

Mutoto wa kwanza, Herbert mudogo, alizaliwa London tarehe 4 Agosti 1903. Alipokuwa na majuma matano walimuweka ndani ya kikapo wakapanda naye mashua kwenda Australia. Wa pili, Allan, alizaliwa London vilevile, tarehe 17 Julai 1907. Naye alikuwa na majuma matano tu wakamubeba mupaka Burma. Leo mama wa kwetu akisikia hivi atashika kichwa: mutoto wa majuma matano, joto, mbu, bahari? Lakini Lou alikuwa amekata shauri. Hakutaka watoto wakue na mulezi London wakati wazazi wako mbali, na hakutaka bwana yake aishi peke yake katika kambi za migodi. Basi familia yote ilisafiri. Watumishi walifunga masanduku, shofere aliwapeleka kwenye treni, na nyumba ikafungwa mupaka watakaporudi.

Burma haikuwa safari ya kucheza. Hoover alishikwa na malaria kule. Na siku moja, alipokuwa anatambaa katika mugodi wa zamani ambao Wachina walichimba kule Bawdwin, na mushumaa mukononi, aliona chini nyayo za chui mukubwa wa Asia, mwenye mistari, tena nyayo mupya. Alitoka upesi kuliko alivyoingia. Ile Bawdwin ilikuja kumupatia utajiri mukubwa kuliko mugodi mwingine wowote.

Kisha Allan kuzaliwa, familia ikahamia nyumba waliyoipenda kuliko zote. Iliitwa Red House, ni kusema Nyumba Nyekundu, katika barabara ya Hornton Street, mutaa wa Kensington. Ilikuwa nyumba ya zamani yenye lupango kubwa, na katika lupango mulikuwa muti muzee wa matunda ambao watoto waliupenda. Ndani mulikuwa chumba cha vitabu chenye mbao kwenye kuta, na pale njo kazi kubwa ya usiku ilifanyika, tutaisema. Kulikuwa mupishi, watumishi wa nyumba, mulezi wa watoto. Hoover mwenyewe aliandika baadaye, katika kitabu cha maisha yake, kwamba Uingereza ya mbele ya vita ilikuwa mahali pa maisha mazuri kabisa, kama uko kati ya wale wenye kutumikiwa. Lakini aliandika pia kwamba namna Waingereza walipanga watu kwa vyeo, huyu wa juu, huyu wa chini tangu kuzaliwa, ilimukasirisha. Mutoto wa mufua chuma hakusahau.

Majira ya baridi, kila chumba cha London kilikuwa na jiko lake la makala ya mawe. Moshi wa maelfu ya majiko ulichanganyika na ukungu, mupaka mutu hakuona barabara saa ya muchana. Kila kipande cha makala katika lile jiko kilichimbwa na mutu wa Wales ao wa Durham. Katika mwaka wa 1912 wale wachimbaji wa Uingereza, karibu milioni moja, waliacha kazi kuanzia mwisho wa Februari ili wapewe mushahara wa chini uliowekwa na sheria, na Bunge likatoa sheria mwezi wa Machi. London ilijifunza kwa siku chache joto lake linatoka wapi.

Siku ya yenga nyumba ilijaa. Wamarekani waliopita London walijua mulango wa Hoover uko wazi: mainjenieri waliotoka Afrika ya Kusini ao Mexico, walimu wa Stanford, wanafunzi wasio na kitu. Yaya yake Theodore naye alikuja kufanya kazi London, pamoja na bibi yake na mabinti zao. Wale watoto watatu waliogawanywa kama nguo kisha kifo cha mama, wawili kati yao walikutana tena mbali namna ile, watoto wao wakacheza pamoja. Huyu Theodore tusimupite bure. Alikuwa mukubwa katika kampani iliyotengeneza njia ya kutenganisha madini na mawe kwa mapovu ya maji na mafuta: unasaga mawe, unatia maji na dawa, unapuliza hewa, na madini yanapanda juu pamoja na povu. Katika mwaka wa 1912 aliandika kitabu juu ya ile njia. Wale kati yetu waliofanya kazi katika konsantrateri ya Kolwezi ao ya Kipushi wanaijua ile povu bila kufundishwa.

Pamoja na raha yote, kulikuwa shida moja ambayo wazazi wote wanaoishi kwa wengine wanaijua. Watoto wamezaliwa London, wanacheza London, je, ni watoto wa wapi? Hoover na Lou walikata shauri kwamba watakuwa Wamarekani. Walishika nyumba ndogo ao chumba kule California hata walipokaa huko majuma machache tu kwa mwaka. Walivuka bahari tena na tena, kila mara kwa siku nyingi. Baba alipopata nafasi aliwapeleka wavulana nje ya muji, kwenye kijito, wakajenga ukuta wa mawe na udongo kuzuia maji. Aliupenda ule muchezo kuliko watoto. Yule mutu aliyehesabu feza za kampani kumi alikuwa amekunja suruali, miguu ndani ya matope. Watu wa ofisi hawakumujua hivyo. Kwenye ofisi alisema kidogo na aliangalia chini.

Sasa ile kazi ya usiku. Katika mwaka wa 1556, kule Basel, kulichapishwa kitabu kwa Kilatini kinachoitwa De Re Metallica, ni kusema juu ya mambo ya madini. Aliyekiandika ni Georgius Agricola, munganga aliyetunza wachimbaji wa Joachimsthal, muji wa migodi ya feza katika inchi ambayo leo ni Ucheki. Vipande vya feza vya ule muji viliitwa thaler, na kutoka pale njo lilitoka jina dola, hii dola tunayohesabu sisi sokoni kila siku. Agricola alikufa mwaka mumoja mbele kitabu hakijatoka. Kilikuwa kitabu kikubwa, chenye picha nyingi zilizochongwa kwenye mbao: mashimo, kamba, pampu, magurudumu ya maji, majiko ya kuyeyusha. Kwa miaka zaidi ya 300 hakuna aliyekigeuza vizuri kwa Kingereza. Shida ilikuwa maneno. Waroma wa zamani hawakuwa na majina ya vyombo vya mugodi vya wakati wa Agricola, basi Agricola alijitengenezea majina ya Kilatini, na hakuna kitabu cha maneno kilichoyaeleza. Ni sawa vile wazee wetu wa Elisabethville walikamata maneno ya Kiluba, ya Kibemba, ya Kifaransa na ya Kingereza wakayageuza kuwa Kiswahili cha kazi. Mutu asiyekuwa mugodini, hata kama amesoma, anapotea.

Lou alijua Kilatini. Herbert alijua mugodi, na Lou pia alijua mawe. Kwa miaka karibu tano, usiku, siku za yenga, siku za mapumziko, na hata katika mashua, walikaa meza moja. Lou anasoma na kugeuza, Herbert anauliza kama jambo kama lile linawezekana, wanabishana, wanarudi. Kama hawakuelewa Agricola anasema juu ya mutapo gani, walijaribu kuchemsha na kuyeyusha wenyewe waone kitu kinachotoka. Watoto walilala chumba cha juu. Sisi tunawaza kwamba ile meza njo ilikuwa nyumba yao ya kweli, kuliko kuta za Kensington.

Katika kile kitabu kuna mahali Agricola anaeleza magonjwa ya wachimbaji. Anasema juu ya mavumbi yanayoingia katika mapafu na kuyala, juu ya hewa mubaya ya chini, na anashauri wafanyakazi wafunike uso na wapelekewe hewa safi. Anasema kwamba katika migodi ya milima ya Carpathian kunapatikana wanawake walioolewa na wanaume saba, mumoja kisha mwingine, na wote saba wamekufa na ule ugonjwa. Lou Hoover alikuwa bibi ya mutu wa migodi aligeuza hayo maneno kwa mukono wake. Wanawake wa kambi zetu hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kitabu kilichapishwa London katika mwaka wa 1912, kurasa zaidi ya 600, na majina mawili mbele: Herbert Clark Hoover na Lou Henry Hoover. Vilichapishwa vitabu 3,000, na vingi waliwagawia bure mainjenieri na wanafunzi. Wakati ule bibi nyingi zilifanya kazi ya bwana zao na jina halikuonekana popote. Hapa lilionekana. Mainjenieri wa Marekani waliwapa wote wawili medali ya zahabu, na kile kitabu kinasomwa mupaka leo.

Haitakuwa haki tukieleza kitabu hiki na kunyamaza juu ya kingine. Katika mwaka wa 1909 Hoover alichapisha kitabu chake mwenyewe juu ya kanuni za kazi ya migodi. Ndani yake alisema jambo ambalo wakubwa wengi wa wakati ule hawakutaka kusikia: kwamba vyama vya wafanyakazi ni jambo la haki, juu wenye feza nao wamejipanga katika vyama vyao. Yule kijana aliyewaleta Waitalia kule Gwalia alikuwa amewaza. Lakini katika kitabu kilekile aliandika pia kwamba katika mugodi muzungu mumoja ana thamani ya watu weusi ao Waasia wawili mupaka watatu, hata kwa kazi ya kupiga mwiko wa udongo. Aliandika hivyo sawa vile mutu anaandika bei ya kamba. Familia ambazo babu zao walijenga Union Minière kwa mikono zinaweza kumujibu zenyewe. Sisi tunaliandika hapa ili musomaji asifikiri tunamuimbia mutu wimbo.

Katika mwaka wa 1908 alikuwa ameacha ile kampani na kufanya kazi peke yake, akiitwa mahali pote sawa munganga wa migodi yenye kuugua. Kufikia mwaka wa 1914 alikuwa tajiri, na familia ilikuwa inajitayarisha kurudi California. Mwezi wa Agosti vita vikaanguka. Maelfu na maelfu ya Wamarekani waliokuwa wanatembea Ulaya walifika London bila feza, juu banki zilifungwa na karatasi zao hazikukubaliwa. Hoover na marafiki wake walifungua meza katika hoteli Savoy wakawakopesha. Lou na wanawake wengine wa Marekani walitunza wamama na watoto waliofika bila mutu wa kuwapokea.

Mwezi wa Oktoba ikafika kazi kubwa kuliko hiyo. Wadachi walikuwa wameshika Ubelgiji, mashua za Uingereza zilizuia bahari, na Ubelgiji ulikula chakula kinachotoka nje. Hoover alikubali kuongoza kazi ya kuwalisha, bila mushahara, na akaachana na mambo ya migodi. Kwa ile miaka chama chake kililisha karibu watu milioni 9 katika Ubelgiji na Ufaransa ya kaskazini. Alivuka bahari ya kaskazini mara karibu 40, kati ya mabomu. Wanawake wa Ubelgiji walichukua mifuko ya unga iliyobaki mitupu, wakaishona maua na maneno ya asante, wakaituma Marekani. Muji wa Leuven una uwanja wenye jina lake. Ni kazi nzuri, hakuna wa kubisha. Lakini tukiwa wana wa Kongo tunakumbuka kwamba katika vita vilevile, kwa ajili ya Ubelgiji uleule, watu wetu walibeba mizigo ya jeshi mupaka Tabora, wengi wakafia njiani, na shaba ya Katanga ilienda kutengeneza risasi. Kwao hakukuundwa chama cha London.

Nyumba Nyekundu ikawa nusu ofisi, nusu nyumba. Lou aliwapeleka wavulana California waanze masomo, akawaacha kwa marafiki, akarudi London kumusaidia bwana yake, na mashua za maji zilikuwa zinazamishwa. Alivuka bahari akijua kwamba akizama, watoto wanabaki bila mama, sawa vile Herbert alibaki. Baadaye akawaleta karibu. Usiku moja ndege kubwa za Wadachi, zile ndefu zenye kujaa gazi, zilikuja kupiga London. Wazazi walikimbia kwenye chumba cha watoto kuwashusha chini ya nyumba. Vitanda vilikuwa vitupu. Waliwakuta wavulana juu ya paa, wanaangalia vita.

Katika Januari 1917 Lou na watoto waliondoka London. Mwezi wa Aprili Marekani ikaingia vitani, na Hoover akaitwa Washington kupanga chakula cha inchi. Nyumba Nyekundu ikaachwa. Baadaye ilibomolewa, na leo pale pamesimama ofisi kubwa ya mutaa wa Kensington.

Yaliyobaki tunayapita upesi. Akawa waziri, kisha prezida kuanzia Machi 1929. Mwaka uleule bei zilianguka, kazi zikaisha, na watu wasio na makao walijenga vibanda vya mabati na karatasi wakaviita kwa jina lake. Yule aliyelisha Wabelgiji hakukubali serikali ya kati iwape watu wake feza mukononi mwao. Katika 1933 akatoka. Herbert mudogo alikuwa injenieri kama baba yake, Allan vilevile.

Lou alikufa tarehe 7 Januari 1944, akazikwa California, kwenye muji wa Palo Alto. Herbert aliishi miaka 20 bila yeye, akakufa kule New York tarehe 20 Oktoba 1964, na miaka 90. Walimuzika West Branch, juu ya kilima, mahali unaweza kuona ile nyumba ya vyumba viwili alimozaliwa. Kisha wakaenda Palo Alto, wakamutoa Lou, wakamusafirisha mupaka Iowa, wakamulaza kando ya bwana yake.